Pangani, Jamani! Nimevuka Mto Mara Tano na Sikuwa na Safari

Nimerudi jana magharibi, mchanga bado umo kwenye mkoba, na tangu hapo sijanyamaza. Nyumbani wameshanichoka. Basi ngoja nikumwagie wewe, maana nisipomwaga nitapasuka: Pangani! Kamji kadogo, kadogo kweli, kamekaa mlangoni mwa mto kama kilomita 50 kusini ya Tanga, na mimi miaka yote hii nalisikia jina lake kwenye taarifa ya habari tu, nikalipita kama napita kibao cha barabarani. Nimejilaumu mpaka nimechoka kujilaumu.

Nianze na pantoni, maana moyo wangu nimeuacha pale. Mji uko upande wa kaskazini, Bweni iko ng'ambo, katikati mto unapita, mpana, mzito, hauna haraka hata chembe. Unasimama gatini na kila aina ya mtu: mama na beseni la mihogo, bodaboda tatu, watoto wa shule, mbuzi mmoja mwenye hasira za kwake. Mlango wa chuma unashuka, watu wanajaa, chuma kinaanza kutetemeka chini ya nyayo zako mpaka kwenye meno, upepo wa chumvi unakupiga shavu hili, harufu ya tope la mikoko inakuja shavu lile, na kashata niliyoitia mdomoni kule haijaisha, tumeshafika! Nikashuka. Nikageuka. Nikapanda tena. Nakuambia nimevuka mara tano, na Bweni sina shangazi wala mdeni. Mara ya tatu kijana wa tiketi akaniangalia, akaniuliza, "Dada, kuna kitu umesahau?" Nikamjibu sijashiba tu. Akacheka, akanikatia tiketi.

Na uende sasa, shoga yangu, sasa hivi! Kuna daraja kubwa linajengwa pale kwa ajili ya barabara ya pwani, na watu wa mji wanalisubiri kwa hamu, tena wana haki, maana mgonjwa akizidiwa usiku hana habari na uzuri wa pantoni. Lakini magari yakishaanza kupita juu kwa juu, nani atasimama gatini na mbuzi?

Halafu maji yenyewe! Yametoka huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaanguka maporomoko, yakafika hapa yamechoka, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Bahari ikijaa inayasukuma yarudi, yenyewe hayataki, basi pale yanapokutana unaona mstari kabisa, huku kahawia, huku kijani. Nilikuwa kwenye boti nikachovya kidole nikalamba. Chumvi! Tukapanda na mto kidogo, nikachovya tena, chumvi imepungua, nikawa nafurahi kama mtoto, nachovya nalamba, nachovya nalamba, mpaka nahodha akasema kwa upole kabisa kwamba huku juu mamba wapo. Mkono ukarudi mapajani wenyewe. Na bado! Mikoko imesimama kwenye mizizi yake kama wanawake waliopandisha kanga wavuke dimbwi, minazi inakuja nyuma yake safu kwa safu, na mdiria, ndege wa buluu, buluu ya kukuumiza macho, akadondoka majini kama jiwe akaibuka na samaki. Nilipiga kelele. Boti nzima iligeuka kunitazama mimi badala ya ndege.

Mjini tembea kwa miguu, bajaji waachie wenye haraka. Kuna mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi, roshani za mbao zimeinama kidogo, rangi imebanduka tabaka tabaka, chokaa, kijani, chokaa tena, na barazani wazee wamekaa. Mlango mmoja wa nakshi niliugusa. Jua lilikuwa limeupiga tangu asubuhi, njumu za shaba zina moto, mbao ina moto, vidole vikazama kwenye maua yaliyochongwa, na mle ndani ya mitaro ya nakshi vumbi laini kama unga wa mchele. Nilisimama pale muda mrefu kupita adabu. Mzee wa baraza akanikaribisha kahawa, nadhani ili niuachie mlango. Dele jeusi, kikombe cha kaure kisicho na mkono, kahawa chungu ya kukunja uso, halafu kashata ya nazi inakuja kuomba msamaha.

Hapo barazani ndipo hadithi zilipoanza, na mwili ukanisisimka. Mwaka 1888 Wajerumani wa kampuni yao ya kikoloni walikuja kupandisha bendera yao katika mji huu huu, kwa kibri, na mji ukakataa. Ndipo vita vya Abushiri bin Salim vikawaka pwani nzima. Mwaka uliofuata, Desemba, walimnyonga hapa hapa Pangani. Na yule afisa wa kampuni aliyeuchokoza mji, Zelewski, watu wakimwita Nyundo, unajua aliishia wapi? Lugalo, mwaka 1891, mikononi mwa Wahehe wa Mkwawa! Miaka yote ya shule nimesoma Abushiri ukurasa huu na Lugalo ukurasa ule, sikuwahi kujua ni mtu mmoja aliyebisha hodi kwenye milango yote miwili. Nikaagiza kahawa ya pili.

Kula nitakwambia kwa ufupi, maana nikianza sitamaliza: samaki wa kupaka, tui zito limeshika ukingoni mwa sahani, ndimu, pilipili, ubwabwa wa moto. Nililamba vidole mbele za watu. Chumba nilicholala chandarua kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi na mbu walilijua kabla yangu, kwa hiyo chukua cha kwako, usiseme sikukuonya.

Na bado! Maziwe! Unaondoka alfajiri na boti, bahari imetulia kama mafuta, unaangalia mbele huoni kitu, huoni kitu, halafu mchanga mweupe unainuka katikati ya bahari. Mchanga mtupu! Maji yakipwa kisiwa kipo, yakijaa kisiwa hakipo, basi. Zamani palikuwa na mivinje na kasa wakija kutaga kwa wingi, mmomonyoko ukala ufuko, miti ikaisha, na sasa kasa wakitaga, mayai huhamishiwa ufukweni Ushongo yasisombwe. Nilitembea kutoka ncha hadi ncha, mchanga unalia chini ya nyayo, kwich, kwich, maji ya vuguvugu yananilamba vifundo, nikavaa miwani nikazamisha uso: samaki wa manjano, wa zambarau, wenye mistari kama kikoi, wananijia usoni kana kwamba mgeni ni wa kwao! Nilicheka ndani ya maji, nikanywa bahari nusu. Kivuli hakuna, hata cha kuazima. Pua yangu sasa hivi inabanduka kama ile rangi ya roshani.

Tulipoondoka maji yalishaanza kupanda. Nikageuka nyuma, nyayo zangu za upande wa kusi hazipo. Nikageuka tena, na mchanga wenyewe umebaki kipande cha mkeka.

Jumamosi narudi. Nafasi moja ipo. Njoo na kofia.