Saa ya Kupima Maji

Sato wakipanda juu ya bwawa alfajiri na kuachama midomo, wa kwanza kufika ukingoni atasema wanaumwa, wa pili atataja dawa, na wa tatu atauliza kama bado wanauzika. Ninayetaka kumsifu ni wa nne, anayeinama kimya na kutumbukiza kipimajoto. Heshima yake ni ndogo kuliko kazi yake. Daktari wa mifugo akija na sindano watu husema amefanya jambo. Mpimaji wa maji akiondoka na tarakimu kwenye daftari, huonekana amekuja kutembea.

Mbeya inamhitaji kuliko pwani. Mji uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo maji ya joto lile lile hushika oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Baridi hufidia kidogo, maana maji ya baridi hubeba oksijeni zaidi, lakini inadai malipo yake. Sato hunawiri kwenye nyuzi 27 hadi 30; chini ya 20 hula kwa kusitasita, na zikikaribia 11 hufa. Mwezi Julai, mfugaji wa Uyole anayemwaga pumba kwa kipimo cha mwenzake wa Kyela, kule chini ziwani, anamwaga chakula kisicholiwa. Kitaoza, kitakula oksijeni, kitaacha amonia. Samaki wakifa, lawama zote huiendea baridi.

Ufundi hasa umo katika kuchagua saa. Mchana mwani hutengeneza oksijeni. Usiku mwani nao huihitaji, pamoja na samaki na matope, hivyo kiwango hushuka mpaka karibu na mapambazuko. Mtaalamu anayefika saa nne, ameshakunywa chai, hukuta maji yamekwisha kujirudi, akaandika kwamba hali ni shwari. Tarakimu yake ni sahihi na haimsaidii mtu. Amonia ina saa nyingine. Alasiri, mwani ukishameza kaboni daioksaidi, pH hupanda, na amonia ile ile iliyolala asubuhi hugeuka sumu: kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, kwenye pH 9 huzidi robo. (Kipimo cha pH alikiasisi Søren Sørensen mwaka 1909 huko Copenhagen, katika maabara ya kiwanda cha bia. Wanywaji wana mchango wao.)

Siku hizi kuna vifaa vya kidijitali vinavyosoma oksijeni papo hapo, na sina ugomvi navyo. Ila anayetaka kuona ufundi wenyewe atazame njia ya Lajos Winkler, Mhungaria aliyeitangaza mwaka 1888. Chupa huzamishwa ikiwa imeinamishwa, ijae taratibu, ifungwe humo humo bila kiputo hata kimoja, kwa kuwa kiputo ni oksijeni ya uongo. Hutiwa chumvi ya manganizi, kisha dawa kali yenye aidini. Kama maji yana oksijeni, hufanyika mashapo ya kahawia. Kama hayana, mashapo hubaki meupe, na mpimaji ameshajua mengi kabla ya kuhesabu. Asidi huyayeyusha yakawa ya dhahabu. Hapo hudondoshwa dawa nyingine, tone baada ya tone, mpaka rangi ififie kama ya majani makavu. Hutiwa wanga, maji yakawa buluu, na matone huendelea kwa uangalifu hadi buluu itoweke. Tone moja la haraka, kazi yote imeharibika. Mkono unaotetemeka kwa baridi ya alfajiri haukubaliki hapa.

Tukuyu kuna jambo jingine. Mvua ni nyingi, na chai hustawi katika udongo wenye asidi. Maji yanayopita humo huwa laini, nayo pH ya maji laini huyumba sana kati ya asubuhi na jioni. Tiba inayojulikana ni chokaa, na mawe yake hayako mbali, huchimbwa Songwe kwa ajili ya saruji. Lakini chokaa iliyochomwa ikimwagwa kwa pupa kwenye bwawa lenye amonia, hupandisha pH ghafla na kuua samaki ambao wangepona.

Wanaofuga matumbawe majumbani ndani ya vioo hufuata nidhamu hiyo hiyo ya kupima maji kabla ya kutibu: hupima chumvi, kalsiamu na joto kabla ya kuligusa tumbawe lililofifia. Na mwaka 1998, matumbawe ya Mafia na Zanzibar yalipogeuka meupe, sababu nayo ilikuwa katika maji yenyewe, katika joto la bahari.

Anachoagiza mpimaji, mwishowe, mara nyingi ni kidogo hadi kinakera: acha kulisha siku mbili, toa maji ya chini yenye uozo, ingiza ya mto polepole. Mfugaji aliyeweka fedha mfukoni kununulia dawa huuliza kama ni hayo tu. Hujibiwa kwamba ndiyo, na kwamba kesho saa kumi na moja alfajiri watapima tena, kwa hiyo aje na koti.