Sekunde Nane za Magogoni

Refa alikuwa sahihi, kipa alikuwa na kosa, na aliyeuharibu uamuzi ule mzuri ni mwenye maikrofoni. Mliokuwepo kwenye fainali ile ya vijana pale Magogoni, hapa Mombasa, mliona wenyewe, na naamini wengi mlirudi nyumbani mkimlaumu asiyestahili lawama.

Tuirudie ile hali taratibu. Mechi inaelekea ukingoni, bao moja kwa bila. Kipa wa wanaoongoza anaidaka krosi, anaulalia mpira, ananyanyuka nao, halafu anaukumbatia huku akiwapungia mabeki wake wapande juu. Hakuna fowadi anayemsumbua. Refa anaanza kuhesabu, kama sheria inavyomtaka tangu Julai 1, 2025: kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu yake ilikuwa mkwaju usio wa moja kwa moja, nanyi mnajua jinsi marefa walivyokuwa wakiifumbia macho. Safari hii wenye sheria wameongeza jambo la busara sana: zile sekunde 5 za mwisho refa anazihesabu hadharani, mkono juu, kidole baada ya kidole, ili kipa na uwanja mzima waone saa inavyokwenda.

Refa wetu alifanya hivyo barabara. Mkono ulikuwa juu, kila mtu angeweza kuuona. Na katika sekunde hizo hizo, kutoka kwenye spika, tukasikia: "Still anao! Still! Already muda umekwisha! Now, refa, now!"

Muda ulikuwa haujaisha. Vidole vitatu vilikuwa bado vimesimama. Vilipokunjwa vyote, refa akapuliza kipyenga na kuonyesha kona, na hapo benchi la wanaoongoza likaingia uwanjani. Msiwalaumu sana wale vijana. Walichosikia ni mtangazaji akimpa refa amri, na walichokiona ni refa akitii. Kona yenyewe ilipanguliwa na matokeo hayakubadilika, lakini mabishano yalimaliza dakika za nyongeza zote, na heshima ya refa ikaondoka pale uwanjani pamoja nazo.

Mtangazaji yule kijana anajua kazi. Kipindi cha kwanza majina ya wachezaji wote alikuwa nayo kichwani, na bao alilieleza vizuri kabisa.

Ndiyo maana kosa lake lanikera. Alikuwa na silaha mkononi akaitupa. Hebu tazameni alichokuwa nacho. Kiswahili kinaweka saa ndani ya kitenzi chenyewe. Ukisema "hajautoa", umeshasema kwamba alitakiwa autoe, kwamba tunangoja, na kwamba nafasi ingalipo. Ukisema "hautoi", umesema jambo jingine: sasa ni ukaidi, hataki. Ukisema "hakuutoa", mlango umefungwa, imebaki hukumu. Ni saa tatu katika kitenzi kimoja, na zilipangana sawasawa na kile kilichokuwa kikitendeka mbele yetu. Mkono wa refa ulipopanda: hajautoa. Vidole viwili vilipobaki: hautoi. Kipyenga: hakuutoa, kona! Angesema hayo tu, akahesabu na vidole kwa sauti, tano, nne, tatu, uwanja mzima ungehesabu pamoja naye, na hata benchi la kipa lingemfokea kipa wao badala ya kumvamia refa.

Badala yake tukapewa "still anao". Neno hilo halikufanya kazi yoyote pale. "Anao" inatuambia mpira uko mikononi, jambo ambalo macho yalikuwa yameshaliona. Lile "still" limebeba hasira peke yake, bila kutuambia ni kiasi gani cha muda kimepita wala kipa alitakiwa afanye nini. "Already muda umekwisha" ni baya zaidi, kwa kuwa lilikuwa uongo kwa sekunde tatu nzima, na uongo huo ndio uliozaa fujo. Mtu anayehesabu hawezi kukosea hivyo. Anayepiga kelele anaweza.

Najua jibu ninalosubiriwa nalo. Nitaambiwa kwamba "bado" lenyewe tumelitoa kwa Waarabu, na "sasa" vilevile, na kwamba kona, penalti na refa ni za Waingereza, basi nongwa ya nini? Nakubali asili hizo zote, na sina ugomvi na kona hata siku moja. Kona ilikuja na mchezo wenyewe, tukaivika nguo zetu, ikawa yetu: kona mbili, kona hiyo, kona ya hatari. "Bado" nalo liliingia likashikana na kitenzi: bado hajautoa. Viwili hivyo vimeoana hata mtoto wa miaka mitatu hapa Kisauni havikosei anapolilia chai yake. Lakini "still" la spika ya Magogoni halikuoana na chochote. Lilisimama pembeni ya sentensi likipayuka.

Hapa naomba niseme jambo nililolisema mara nyingi, na nitaendelea kulisema. Watoto wetu wanafundishwa darasani kwamba -ja- ni ukanusho wa -me-. Amekula, hajala. Wanaijaza kwenye jedwali, wanapata alama, basi. Hawaambiwi kwamba -ja- inangoja, kwamba ndani yake kuna mtu amesimama mlangoni akichungulia barabarani. Na "ashafika" au "keshafika", tulizozikuta vinywani mwa mabibi zetu, zinakatwa kwa kalamu nyekundu eti ni lugha ya mtaani. Kalamu hiyo ina historia: mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa hapa hapa, mwaka 1928, na Kimvita kikaachwa nje ya mlango katika mji wake chenyewe. Sisemi tuurudie mkutano ule. Nasema kijana aliyefundishwa kuionea haya "ushakwisha" ya bibi yake, siku akipata joto la mechi, atakimbilia "already", kwa sababu hilo hakuna mwalimu aliyelikata.

Au atakimbilia "tayari". Huo nao ni ugonjwa. Taarifa ya habari sasa haiwezi kupita bila "tayari polisi wamewasili", "tayari mvua imeanza". Tayari ni kuwa umejiandaa. Pale Mwembe Tayari mjini Mombasa, wazee wanasimulia, ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikikusanyika na kujiweka sawa kabla ya kuondoka. Polisi waliofika wameshafika. Kuwa tayari ni habari nyingine.

Kutoka Magogoni hadi Freretown si mbali, na Freretown ndipo alipozaliwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela mwaka 1940. Aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966 kikadumu zaidi ya nusu karne. Alifariki Februari 2025. Wa rika langu tulimjua kwa mpira kabla ya kumjua kwa ungwana. Mtangazaji wa redio wa zama zile alikuwa anamwonyesha mpira mtu asiyeuona, kwa hiyo ilimbidi aseme mpira uko kwa nani, uko upande gani, na saa inasemaje. Hasira hakuipa nafasi mpaka hayo matatu yametimia. Ukimsikiliza Mbotela ulijua kipa anachelewesha, ukakasirika mwenyewe pale ulipo, ukiwa na kikombe cha kahawa. Hakukasirika kwa niaba yako. Alikupa sababu.

Vijana wa leo wamekulia mbele ya televisheni za vibandani, Ligi Kuu ya Uingereza kila wikendi, na nadhani wanachokinyonya kutoka kule ni joto zaidi kuliko ufundi. Lakini kuna jambo zito zaidi kuliko televisheni. Kenya hii, Kiingereza ndiyo sauti ya anayeamrisha. Ndicho anachokitumia afisa akiwa nyuma ya meza na mwalimu mkuu akiwa paredi. "Now!" ni neno la mkubwa kwa mdogo, halingoji jibu. Mtangazaji aliposema "Now, refa, now!" alijipandisha cheo mbele ya watu wote akawa mkubwa wa refa, na benchi la wanaoongoza likamwelewa hivyo hivyo.

Pwani tuna namna yetu ya kukosa subira, na ni kali vya kutosha. "Mbona hajautoa?" "Hebu autoe basi!" "Jamani, mpaka lini?" Sikilizeni "mbona" inavyofanya kazi: inadai sababu, na kwa kuidai inamwachia mwenzako njia ya kujirekebisha bila kuvuliwa nguo. "Hebu" inamsukuma, "basi" inamwonyesha kwamba subira imefika mwisho. Mama anaweza kumharakisha mtoto, mteja akamharakisha muuza mahamri, abiria akamharakisha makanga pale Kongowea, na hakuna aliyedharauliwa. Ukali umo, na heshima haijatoka. Sheikh Ahmed Nabhany alituachia maneno runinga na tarakilishi kwa kuwa vyombo hivyo vilikuja bila majina. Kwa kungoja na kuchoka kungoja hakuwa na haja ya kuunda neno. Yalikuwepo.

Kwa waandaaji wa mashindano: kabla ya msimu ujao, mketisheni mtangazaji na refa pamoja japo nusu saa, wapitie sheria mpya za mchezo. Hii ya sekunde 8 haijawafikia watazamaji wengi wa mitaani, na spika yenu ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuifikisha. Na kwako kijana uliyeishika maikrofoni siku ile, sauti unayo na macho unayo. Mkono wa refa ukipanda tena, acha amri. Hesabu vidole, kwa sauti, mpaka cha mwisho.