Shibiri Moja ya Juu

Wiki mbili zilizopita, pale Sakina, nilikuta watu wanne wameinamia dashibodi ya Land Rover Series III wakimsifu fundi kwa sababu mshale wa spidi umeanza kucheza tena. Nikachungulia chini. Waya mpya umefungiwa kwenye bomba la eksozi kwa kamba za plastiki, umepinda kama kiwiko karibu na gia boksi, na nati ya nyuma ya spidomita ina alama mbichi za meno ya plaizi. Mmoja wao akaniambia, "Kazi safi hii, mzee." Nikanyamaza kwa kumheshimu mwenye gari, ambaye alikuwa ameshalipa. Lakini jambo lile limenikaa rohoni.

Tangu Oktoba 2024, tamasha la Land Rover lilipojaza magari haya katika jiji letu la Arusha, wengi wamefufua magari ya baba zao yaliyolala chini ya migomba huko Ngaramtoni na Tengeru. Nafurahi. Ila gari la zamani likirudi barabarani kwa kazi ya kubahatisha, anayeumia ni gari. Na watu wanaisifu kazi kwa kigezo kibovu: mshale umepanda! Mshale hupanda hata kwa waya mbovu. Kazi inapimwa kwa mshale kutulia. Ukienda mwendo wa 60 na mshale unatetemeka kati ya 50 na 70, hapo hakuna kazi iliyofanyika.

Yale mepesi niyapitie haraka. Waya wa ndani ulaze juu ya kioo cha meza na uuviringishe. Ukirukaruka, umekunjika, usiutie kwenye gari. Kona yoyote ya ala inayofunika waya iwe pana kama sahani ya wali, isipungue hapo. Upande wa spidomita, ncha ya mraba itokeze kama upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, milimita 10 hivi. Ikizidi, inasukuma mashine ya ndani mpaka iliwe, ikipungua, inateleza. Tundu la ukuta wa injini liwe na raba yake. Nati ya juu inakazwa kwa vidole peke yake. Kamba za plastiki hazina nafasi kwenye Land Rover. Klipu za bati zilikuwepo tangu kiwandani na ndizo zinazofaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo asiye fundi halioni kamwe, na mafundi wengi wa leo hawalijui. Ni grisi, au niseme mahali grisi inapokoma.

Ndani ya spidomita ya zamani, waya haujaungana na mshale. Huo ndio uzuri wa kifaa alichokisajili Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Waya unazungusha sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa. Kikombe kinavutwa kuifuata, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mshale umesimama juu ya kikombe hicho. Kati ya sumaku na kikombe kuna uwazi mdogo mno, na uwazi huo lazima ubaki mkavu.

Waya wa ndani nao umesokotwa kwa nyaya ndogondogo, kwa hiyo una mistari kama ya parafujo. Ukizunguka, unapandisha chochote ulichopakwa. Kwenye Land Cruiser za Kijapani za zamani waya huzunguka mara 637 kila kilomita. Kutoka Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, ni mizunguko zaidi ya 50,000, na yote inasukuma grisi juu kuelekea kwenye kikombe. Ndiyo maana waya hupakwa grisi chini na katikati, na shibiri moja ya juu huachwa kavu kabisa.

Mzee aliyenifundisha kazi pale Unga Limited, miaka ya themanini, hakuwa na rula. Aliosha waya kwa petroli, akautundika msumarini ukakauka, kisha akapaka grisi kidogo kwa vidole viwili kuanzia ncha ya chini, taratibu, kama anayesuka ukili. Akikaribia juu alisimama, akatandaza kiganja na kupima shibiri, akafuta sehemu hiyo kwa kipande cha kanga kuukuu. Akafuta tena. Halafu akaushika waya kwa karatasi nyeupe na kuivuta. Karatasi ikitoka na doa, alianza upya. Kazi ya nusu saa ilimchukua asubuhi nzima, na sikuwahi kuona gari likirudi kwake kwa waya uleule.

Land Rover ina hatari ya pili. Waya wake unaanzia nyuma ya gia boksi ndogo, kwenye oili. Sili ya pale ikichoka, oili yenyewe hupanda ndani ya ala mpaka kwenye kioo. Fundi anayefunga waya mpya bila kugusa sili hiyo hajamaliza kazi. Volkswagen ya mgongo wa kobe imesalimika hapo, kwani waya wake unatoka kwenye kofia ya gurudumu la mbele kushoto.

Grisi ikishafika kwenye kikombe, baridi yetu ya Juni na Julai ndiyo inayoitangaza. Asubuhi, ukungu wa Meru bado umeshuka, gari linakwenda 40 na mshale umeganda kwenye 70. Fundi mmoja aliniponya ugonjwa huo kwa dakika tano: aling'oa mshale, akaurudisha chini kidogo, akachukua pesa yake. Mchana grisi ikalainika, mshale ukalala. Nikapita Usa River nikiona 45, kumbe nakwenda 60, na tochi ya trafiki ilikuwa inanisubiri. Nililipa faini, kisha nikalipa spidomita nyingine.

Wapo na wadanganyifu wa aina nyingine, madereva wanaofungua nati ya juu ili kilomita za safari zao binafsi zisihesabiwe. Hao utawajua kwa nati: yote ina vumbi la miaka, ila meno yake yanang'aa.

Zamani spea ya waya ilikuja na ala yake ya chuma, nzito mkononi. Nyingi za siku hizi ni nyepesi na ncha zake hulika upesi, kwa hiyo uangalifu wa kuzifunga unahitajika zaidi.

Ukienda kuchukua gari lako, usiangalie mshale kwanza. Mwombe fundi afungue nati ya juu kwa vidole, avute waya shibiri moja, aupitishe kwenye karatasi nyeupe mbele yako. Karatasi ikiwa na doa, usilipe.