Tarehe Haikai Ndani ya Faili

Ukiburuta mafaili ya miaka kumi na kuyaingiza Evernote, kisha ukayapanga kwa tarehe, utakuta yote yameandikwa leo. Programu haijakosea. Notsi zenyewe zimezaliwa leo, na hakuna aliyeiambia kwamba maneno yaliyomo ni ya zamani.

Faili la maandishi matupu lina maneno tu. Tarehe zake hutunzwa nje, na mfumo wa kompyuta. Ukilinakili kwenye flashi kwa Windows, tarehe ya kubadilishwa hubaki ileile, lakini ya kuundwa huwa ya dakika hiyo uliyonakili. Ndiyo maana unaweza kukuta faili lililoundwa 2024 na kubadilishwa mara ya mwisho 2013! Kati ya hizo mbili, mimi naamini ya kubadilishwa. Likipitia barua pepe, mara nyingi hata hiyo hupotea. Faili la Word lina nafuu: docx ni kifurushi cha zip, na ndani yake mna core.xml yenye tarehe ya kuundwa inayosafiri na faili popote.

Dawa, basi, ni kuisoma tarehe kabla ya kuhama na kuiandika ndani. Kazi hiyo hufanywa na skripti fupi. Kwa Evernote, skripti hutengeneza faili la ENEX, ambalo ni XML ya kawaida. Kila notsi ina sehemu iitwayo created, yenye kitu kama 20130412T191500Z. Kwa Joplin, programu nyingine ya notsi inayosoma ENEX pia, njia nyepesi ni Markdown: juu kabisa ya faili, kati ya mistari miwili ya vistari vitatu, unaandika created: 2013-04-12 19:15:00Z, kisha unachagua uingizaji wa Markdown yenye Front Matter.

Wengi huteleza kwenye hiyo Z. Maana yake ni saa za UTC, na Dar es Salaam na Nairobi ziko saa 3 mbele. Mfano wetu uliandikwa saa nne na robo usiku. Skripti ikibandika Z kwenye saa za hapa bila kutoa 3, programu itaonyesha saa saba na robo usiku, tarehe 13. Notsi za mchana hazitakuonyesha kosa hilo, kwa sababu siku haibadiliki.

Jaribu kwanza na mafaili machache, moja likiwa la usiku, na folda ya zamani usiifute.