Tingatinga kabla hajawa mtindo

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwamba Tingatinga ni "sanaa ya mapokezi ya hoteli". Watu walicheka, nami nikajiona mjanja. Leo naifuta kauli hiyo, maana nilimhukumu mtu kwa kazi za watu wengine.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kuhangaika na vibarua. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alikuwa na miaka 36, umri ambao nami naukaribia. Shule ya sanaa hakusoma. Alikuwa na vipande vya ubao wa dari na rangi ya mafuta, ile inayong'aa ya kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wenye hela.

Sasa zitazame picha zenyewe. Mara nyingi ni mnyama mmoja, tuseme chui, amejaza ubao karibu wote. Nyuma yake ni rangi tupu. Hakuna Kilimanjaro, hakuna jua linalozama. Wapo wanaosema hakujua kuonyesha umbali. Haya, tukubali. Lakini jamani, si ndipo nguvu ya picha ilipo? Macho yako hayana pa kukimbilia. Umebaki wewe na chui. Rangi ile si rahisi kuipatia kivuli laini, basi yeye akategemea mstari wa pembeni na madoa, doa moja baada ya jingine, bila papara. Uhaba wa vifaa ukamfundisha kuchagua.

Simfanyi malaika. Alijua kabisa mnunuzi anataka mnyama wa porini, na akamchora tena na tena. Ila kumjua mnunuzi ni jambo moja, kumbembeleza ni jingine. Chui wake habembelezi mtu.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Akafa. Miaka minne tu! Kwa mchoraji mwingine hiyo ingekuwa miaka ya kujaribu na kukosea, ya kuchana kazi na kuanza upya. Kwake mwanzo ndio uliokuwa kazi yote.

Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Ubao ukajaa: twiga, tembo, ndege, mlima, vyote pamoja. Siwalaumu, watu wanakula kwa brashi. Lakini jina la mtu limegeuka jina la bidhaa, na bidhaa imemziba mtu. Mimi ni mmoja wa walioiona bidhaa wakadhani wamemwona yeye.

Siku hizi mtu akiniuliza kama napenda Tingatinga, namuuliza kwanza: yupi?