Breki ya Kipande cha Tairi

Spring Valley ni mitaa ya kupanda na kushuka. Ukitoka Westlands kwa Lower Kabete Road, ukakata kuelekea Peponi au General Mathenge, hupati mita mia mbili za tambarare ukatulia. Mwenye gari huijua miteremko hiyo kwa mguu wa kulia tu. Hamali wa mkokoteni huijua kwa kifua, kwa magoti na kwa soli za viatu vyake.

Mmoja wao nilimkuta ukingoni mwa mojawapo ya barabara hizo, mzigo wa vyuma chakavu ameushusha wote chini. Mikono ya mkokoteni ilikuwa imelala kwenye nyasi, mkia umeinuka juu, naye amechuchumaa nyuma yake na nyundo. Alikuwa anatengeneza breki. Wapita njia hawakujali, kwani ni wangapi wanaojua kwamba mkokoteni una breki?

Unayo. Ni vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa chini ya ubao wa mkia. Hamali anapoteremka huinua mikono ya mbele, mkia ukagusa lami, na uzito wa mzigo ndio unaoukandamiza mpira barabarani. Hakuna waya, hakuna mafuta, hakuna kanyagio. Ule mzigo unaotaka kumsukuma hadi bondeni ndio huo huo unaomshikia, mradi aliyeupakia ameupanga vizuri juu ya ekseli.

Nilimuuliza kama breki imeisha. "Haijaisha, mkubwa," akasema bila kuinua kichwa. "Ingeisha usingenikuta hapa."

Kipande cha zamani kilikuwa kimelika upande mmoja hadi nyuzi zikaonekana. Hakukitupa. Alikigeuza, akakiacha chini kama mto wa kile kipya, kwa kuwa kilikuwa kimeshajikunja kufuata ubao. Kipya alikikata kwa kisu alichokuwa akikichovya kwenye kopo la maji, maana mpira mkavu hung'ang'ania kisu. Misumari ya zamani aliinyoosha juu ya jiwe mmoja mmoja. Kila msumari aliuvisha kwanza kifuniko cha soda, ili kichwa chake kisiuchane mpira na kupenya, kisha akaupigilia hadi ukazama. Kichwa kinachobaki juu hukutana na lami kabla ya mpira, na chuma juu ya lami huteleza. Kwa sababu hiyo hataki hata tairi lenye waya za chuma ndani. Hutafuta la nyuzi za nailoni, lile lile wanalolipenda washonaji wa akala, na anasema siku hizi ni la kutafutwa kwelikweli.

Kilichonishika zaidi ni namna alivyoipima breki hiyo. Alisimama katikati ya mikono ya mkokoteni, akaiinua taratibu hadi usawa wa kifua. Mkia haukugusa. Akaiinua hadi mabegani, ukagusa. Akatikisa kichwa, akarudi nyuma, akaongeza kipande kingine chembamba. Mara ya pili mkia uligusa mikono ikiwa kifuani, akaridhika. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mpira ukiwa mnene kupita kiasi utasugua lami hata kwenye tambarare na kumla nguvu bure. Ukiwa mwembamba, itambidi ainue mikono juu ya kichwa ndipo ushike, na aliyeinua mikono juu ya kichwa nyayo zake ziko karibu kuachana na ardhi. Toka hapo mkokoteni ndio unaomchukua yeye. Kipimo cha breki hiyo, basi, ni kimo cha mwenyewe, na akimwazima mkokoteni mtu mrefu au mfupi kuliko yeye, breki inabidi iwekwe upya.

Watoto wa Nairobi waliwahi kuijua elimu hii kabla hawajajua kuandika barua. Nasema juu ya gari la beringi: ubao mmoja, beringi tatu au nne zilizoombwa kwa mafundi, msumari mkubwa wa kuzungushia mbele na kamba ya usukani. Beringi zilipiga kelele ambazo mama wa nyumba ya tatu alizisikia akiwa jikoni. Breki ilikuwa kijiti kilichofungwa ubavuni, mwisho wake umepigiliwa kisigino cha akala. Ukikivuta, akala inasugua barabara. Kisigino kilikuwa kikiisha upesi, na kilipoisha zilitumika nyayo, na zilipotumika nyayo mtu alirudi nyumbani akijua kwa nini kesho lazima kipatikane kipande kingine. Hakuna aliyemwambia fundi amtengenezee. Hata katika mitaa ya wenye nafasi kama hii, mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mtunza bustani walipigilia pamoja ubao mmoja, na aliyekuwa na akili ya breki ndiye aliyekaa mbele.

Leo mtoto wa Spring Valley hupelekwa Langata Road, akavishwa kofia ngumu na kukalishwa kwenye kigari cha injini, mzazi akalipia dakika. Silaumu furaha hiyo. Kigari hicho nacho kina breki ya kustaajabisha kwa urahisi wake: aghalabu sahani moja tu kwenye ekseli ya nyuma, na vipande viwili vinavyoibana. Vikilika, kanyagio huanza kuzama chini. Lakini mtoto hajui kwamba vinalika. Anayeviangalia ni mtu mwingine, nyuma ya banda, baada ya geti kufungwa.

Nchi hii ilianza kuogopa miteremko zamani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kilichowatesa wahandisi mbele yake kilikuwa ni kushuka ukingo wa Kikuyu kwenda Bonde la Ufa, na kwa muda waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma. Tangu hapo tumetia lami kila kilima na kusahau. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kulikuwa na mafundi wengi wa kupigilia upya bitana za viatu vya breki kwa ribiti. Vumbi la asbesto la bitana hizo liliua mapafu, wala sitaki lirudi. Ninachokitamani ni lile jicho lililojua unene uliobaki kwa kuutazama. Siku hizi tunanunua boksi la breki la bei nafuu lililoandikwa jina kubwa, tunafungiwa, tunaondoka. Kiwanda cha matairi cha Nairobi kilichotengeneza Yana kiliacha kuyatengeneza mwaka 2016, kwa hiyo hata tairi lenyewe sasa linatoka mbali.

Na malipo ya uzembe tunayaona. Kutoka Salgaa hadi Sachangwan, madereva wa malori wamezoea kutoa gia mteremkoni ili kuokoa mafuta, wakaiachia breki kazi isiyoiweza hadi ikawaka. Huko Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwavamia wachuuzi kando ya barabara, wakafa watu zaidi ya 50. Hamali wangu hana leseni ya kuendesha kitu chochote, na hajawahi kuanza mteremko bila kuinama kwanza kutazama mkia wake.

Kaunti ya Nairobi iliandika sera mwaka 2015 ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea, wanaosukuma na usafiri wa umma. Kwenye Lower Kabete Road sehemu nyingi bado hamali na lori wanagawana lami moja.

Kwa hiyo, ndugu dereva, ukimkuta mbele yako akishuka huku mkia wake ukikwaruza barabara, usimpigie honi. Ameshashika breki. Akiachia aruke pembeni, hana nyingine ya kushika. Kaa nyuma yake, ngoja afike chini, ndipo upite.