Shaka ya Mpima Kucha

Kazi huanza kwa kutupa. Ncha ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, iliyokwisha kusagika na kugeuka manjano, hukatwa na kuwekwa kando, maana imebeba vumbi la kila kiatu. Kinachotakiwa kiko ndani zaidi, pale ukucha ulioharibika unapopakana na ulio mzima. Mpimaji hukwangua hapo taratibu kwa kijisu, na unga unaodondoka huupokea kwenye karatasi nyeusi.

Sehemu ya unga ule hulainishwa kwa potasiamu haidroksaidi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Fangasi wa kawaida, Trichophyton rubrum, huonekana kama nyuzi nyembamba zilizonyooka. Zikitokea mbegu za umbo la ndimu, zenye kitako bapa na ganda la vipele, jicho lililozoea humwaza Scopulariopsis brevicaulis, ukungu wa udongoni.

Unga uliobaki huoteshwa kwenye sahani mbili. Moja ina sikloheksimidi, dawa ya kuzuia ukungu unaodandia kutoka hewani, nyingine haina. Hapo ndipo penye ufundi, kwani dawa hiyo huweza kumzuia mkosaji mwenyewe. Neoscytalidium dimidiatum, ukungu wa nchi za joto unaokausha hata matawi ya miembe, hauoti kwenye sahani ya kwanza. Kwenye ya pili huijaza kwa siku chache, manyoya ya kijivu yakielekea weusi.

Hata hivyo kuota peke yake si ushahidi, kwani ukungu huweza kuwa umedandia tu. Mwaka 1976 Mwingereza Mary English aliweka kipimo kikali: nyuzi zionekane kwa hadubini, fangasi wa kawaida asiwepo, na ukungu uleule uote kutoka angalau vipande 5 kati ya 20. Vipande ishirini, kwa ukucha mmoja! Wengi wetu tungekuwa tumeshafika duka la dawa.

Subira hiyo ina faida yake. Dawa ya terbinafini, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, huwafaa wengi wenye fangasi wa kawaida, lakini Neoscytalidium na ukungu mwingine, Fusarium, ni sugu. Kwa wenye ukungu huo, daktari anaweza kuulainisha ukucha kwa urea ya asilimia 40 chini ya bandeji, akauondoa bila kisu, kisha akapaka dawa ya amorolfini au siklopiroksi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huota takribani milimita 1.5 kwa mwezi, kwa hiyo matokeo hujulikana baada ya mwaka au zaidi, na kabla ya kutangaza kupona mpimaji hutaka kukwangua tena.